Miguu Niliyokwisha Kuiosha

Nilijifungia chumbani na beseni la bati,
jiwe la kusugulia, na ile sabuni ya waridi
aliyoniletea binti yangu kutoka Asunción.
Nikasugua visigino hadi vikawa laini
kama mkate uliotolewa ukoko.
Nikakata kucha. Nikapaka mafuta.
Ilibaki saa moja kabla ya ibada ya kutawadhana,
na mimi, Aganetha Penner, nilitaka
unyenyekevu wangu usiwe na harufu.

Nje, upepo wa kaskazini ulisukuma vumbi la Chaco
hadi chini ya mlango.

Kazi yangu ni kupima maziwa kwenye ushirika.
Miaka ishirini na miwili nimezamisha kipimo cha kioo
ndani ya madebe ya watu.
Namjua anayeongeza maji, namjua asiyechuja.
Kipimo kikizama kupita mstari, nashika kalamu nyekundu.
Sijamhurumia mtu hata kwa nusu lita.
Lakini nikiulizwa habari za roho yangu, husema:
"Mimi ni mavumbi, dada. Mdudu tu."
Husema hivyo, kisha natazama
kama nimesikika.

Kanisani wanawake tulikaa upande wetu, wawili wawili.
Niliyepangiwa alichelewa:
Justina Giesbrecht, mwenye ng'ombe wanne,
ambaye mwaka juzi, mbele ya foleni nzima,
nilimwandikia kwa wino mwekundu: *maji*.
Siku hiyo hakubisha. Alibeba madebe yake akaondoka.

Mwezi wa Aprili nilikiinua kile kipimo kwenye mwanga,
nikaona ufa mwembamba kama unywele,
na tone la maziwa limelala ndani yake.
Kilikuwa kikizama kwa uzito wake chenyewe.
Nilinunua kingine.
Sikumwambia mtu.

"Ndama alikataa kutoka," Justina alisema, akakaa.
Miguu ilikuwa imetoka zizini moja kwa moja:
samadi katikati ya vidole, nyufa zilizojaa udongo,
ukucha mmoja mweusi.
Nilipomimina, maji yaligeuka rangi ya chai.
Hakuomba radhi. Hakusema yeye ni mdudu.
Alisema, "Ya vuguvugu. Asante,"
akafumba macho kama mtu aliyechoka,
maana alikuwa amechoka.

Kisha zamu yake.
Akauinua mguu wangu, akaugeuza huku na huku,
akautazama nyayo, akacheka kidogo puani.
"Huu umekwisha kuuosha, Aganetha.
Mimi nifanye nini?"

Petro alikataa kutawadhwa kwa kuwa alimheshimu Bwana.
Mimi nilitaka Bwana anikute nimemaliza.

Mabenchi yalilia. Mtu alikohoa upande wa wanaume.
Nikainama hadi karibu na sikio lake:
"Kile kipimo kilikuwa kimepasuka."
Mikono yake ilitulia majini.
"Nilijua," alisema. "Maziwa yangu nayajua."
Halafu akaniosha palepale palipokuwa safi,
polepole, mpaka kwenye kifundo,
na mimi nikalia kwa kelele mbaya
ambayo sikuipangia.

Jumatatu nilifungua daftari la mwaka juzi,
Februari hadi Aprili, jina lake peke yake kwanza,
kisha majina mengine saba, kwa sababu ufa
haukumchagua Justina.
Nilijumlisha mara tatu.
Sikuandika mavumbi. Sikuandika mdudu.
Niliandika namba, kwa kalamu ileile nyekundu:
yeye, lita mia saba na kumi na nne;
na chini yake sahihi yangu, inayosomeka.
Meneja alinitazama muda mrefu.
Sijui kama nitaachiwa kazi hii.

Uani Justina alikuwa akishusha madebe.
Nilimuuliza ndama amepewa jina gani.
"Bado," alisema. "Kwanza asimame."